Risasi Iliyobaki Chemba

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, askari wengi wa FARDC, jeshi la serikali, na wapiganaji wa Wazalendo, wanamgambo waliokuwa upande wake, walivua magwanda, wakatupa silaha, wakajichanganya na raia. Bunduki, bastola na maguruneti vilizagaa mitaani, vikaokotwa na yeyote, hata watoto.

Kisa hiki ni cha mfano, ila mazingira yake watu wa Goma wanayajua. Kijana wa mtaa wa Ndosho anaokota bastola mtaroni. Kuipeleka kwa wakubwa anaogopa: mwenye silaha mkononi angeweza kudhaniwa askari aliyejificha. Usiku nao una majambazi. Basi anaipeleka nyumbani, anachomoa magazini, anatoa risasi moja moja na kuzitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Yaya, iko na risasi?" mdogo wake anauliza.

"Nilishatoa zote. Usiogope."

Hakudanganya, hakujua. Bastola ya namna hiyo ikishakokiwa, risasi moja hupanda kutoka magazini na kukaa ndani ya chemba, nyuma ya mtutu. Ukichomoa magazini, ile moja haitoki. Mdogo wake akaielekeza ukutani, akabonyeza kifyatulio. Ukuta ni wa mbao, kama wa nyumba nyingi za Goma. Upande wa pili jirani alikuwa ameinama anapepea makaa kwenye mbabula. Risasi ikampata pajani. Wakambeba hadi hospitali ya CBCA Ndosho, ambayo siku hizo ilikuwa imefurika majeruhi wa vita.

Ajali ya aina hii ndiyo iliyowafanya watunga sheria wa California, Marekani, waitake bastola mpya iwe na alama ya kuonyesha kwamba chemba ina risasi, na kifaa cha kuizuia isifyatuke magazini ikiwa imetolewa. Sheria yao ya 1999 ilikwisha kuagiza kwamba bastola ijaribiwe maabara kabla ya kuuzwa dukani. Baadaye wakaongeza sharti la tatu: bastola ichape alama zake kwenye ganda la risasi. Wamiliki wa silaha wakaenda mahakamani, na Machi 2023 Jaji Cormac Carney akayasimamisha masharti yote matatu, akisema yanakiuka haki ya kikatiba ya kumiliki silaha. Jimbo likakata rufaa kutetea yale mawili ya mwanzo. Naona lilifanya vyema, kwa sababu hayo mawili ndiyo yangemwokoa yule jirani.

Lakini bastola ya mtaroni haikupitia duka lolote. Kongo ina sheria ya silaha na risasi ya Septemba 1985, na Mkataba wa Kinshasa wa 2010, ulioanza kutumika Machi 2017, unazitaka nchi za Afrika ya Kati zitie silaha alama na kuziandika kwenye daftari. Yote hayo ni ya lazima. Hata hivyo, marekebisho ninayoyatamani kwanza ni madogo zaidi: raia aliyeokota silaha apewe mahali pa kuisalimisha, parokiani au kwa chifu wa kartie, bila kuulizwa jina wala alikoitoa, na asalimishaye asikamatwe. Kijana wa Ndosho aliificha ile bastola kwa sababu aliogopa kuonekana nayo kuliko alivyoogopa kulala nayo.