Deni la Kodi na Chenji ya Dola 25,000

Mwaka 1999 Bi Geraldine Tyler alinunua nyumba ya chumba kimoja katika jengo la ghorofa mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Mwaka 2010, umri ukiwa umesonga, yeye na jamaa zake waliona ni salama zaidi ahamie kwenye makazi ya wazee. Akahama, akapanga huko. Nyumba ikabaki kwa jina lake, na kodi ya majengo ikaendelea kudaiwa kila mwaka bila mtu wa kuilipa.

Kodi hiyo haiulizi kama mwenye nyumba analala humo. Kufikia 2015 kodi yenyewe ilikuwa kama dola 2,300 tu, lakini riba, faini na gharama zilizopandishwa juu yake zilifika karibu dola 13,000. Kwa kila dola moja ya kodi, bibi alidaiwa zaidi ya dola tano za kuchelewa.

Kaunti ya Hennepin, iliyokuwa ikidai kodi hiyo, haikuja kuvunja mlango usiku. Sheria ya Minnesota ya wakati huo ilikwenda polepole, na hapo ndipo watu wengi hunaswa. Kodi ikipitisha mwaka bila kulipwa, kaunti ilipata hukumu dhidi ya nyumba, kisha mwenyewe akapewa miaka mitatu ya kuikomboa. Katika miaka hiyo angeweza kuendelea kukaa humo, kwa hiyo hakuna kitu machoni pake kilichobadilika. Miaka mitatu ikiisha, hati yote ilihamia kwa jimbo. Deni lilifutwa, na nyumba nayo ikawa imekwenda.

Nyumba ya Bi Tyler iliuzwa dola 40,000. Toa deni la dola 15,000, zinabaki 25,000. Hizo zote kaunti ilizikalia, na sheria ya jimbo iliiruhusu: salio liligawanywa kati ya kaunti, mji na shule. Konda wa daladala akipokea noti ya elfu kumi kwa nauli ya mtu mmoja na kuitia yote mfukoni, gari zima litapiga kelele. Bibi huyu alikwenda mahakamani kudai chenji yake, na mahakama za chini zikamtupa.

Tarehe 25 Mei 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki, majaji wote tisa kwa kauli moja. Alikuwa na miaka 94. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika hukumu, alirudi nyuma hadi Magna Carta ya mwaka 1215: hata mtoza madeni wa mfalme, akiifuata mali ya marehemu, alitakiwa achukue kiasi cha deni na kuwaachia wasimamizi wa mirathi kilichobaki. Serikali haiwezi kudai haki yake halafu ikachukua na isiyo yake.

Walioshangilia hukumu hiyo wengi hawakuitazama vizuri. Mahakama haikusema kaunti ilikosea kuikamata nyumba wala kuiuza. Kilichoamuliwa ni salio. Bibi alishinda kesi mbele ya majaji wakubwa kuliko wote nchini mwake, na nyumba haikurudi.

Wala usidhani yanahitajika maelfu ili yakukute. Katika jimbo la Michigan, kampuni ya mwenye nyumba mmoja, Rafaeli, ilichelewa na sehemu ya kodi ya 2011. Ilipokuja kulipa, hesabu ya riba ikakosewa, pakapungua dola 8.41. Kwa riba, faini na gharama, upungufu huo ukawa dola 285.81. Kaunti ya Oakland ikaiuza nyumba kwa dola 24,500 na kubaki na fedha zote, hadi Mahakama Kuu ya Michigan ilipoikatalia mwaka 2020. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mtanzania anaweza kulishangaa jambo hili, kwa kuwa tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kidogo kidogo kwenye luku. Ukinunua umeme umelipa. Ndugu zetu walionunua nyumba Marekani hawana makato ya namna hiyo. Mara nyingi benki yenye mkopo hukusanya kodi ndani ya malipo ya kila mwezi na kuilipa yenyewe. Siku mkopo unapoisha, bili inahamia kwa mwenye nyumba, na wapo wanaosherehekea kumaliza deni moja huku lingine likianza kuhesabu.

Basi ukihama, ipe kaunti anwani yako mpya, maana barua iliyokwenda mlango wa zamani haizuii siku kuhesabiwa. Mzazi akizeeka au akifariki, kabla ya kubishana nani arithi, ulizeni kwanza nani analipa kodi. Ukipungukiwa, nenda kaombe kulipa kwa awamu mapema, kabla ya muda wa kukomboa kwisha. Na ukilipa, usiridhike na hesabu uliyopiga mwenyewe: omba taarifa inayoonyesha salio ni sifuri. Hukumu ya 2023 inamlinda mtu asidhulumiwe chenji. Nyumba yenyewe inalindwa na risiti.