Uzuri na Deni

Je, uzuri una mwenyewe? Suala hili ni kongwe, na wengi hulijibu upesi: uzuri ni neema ya Mwenyezi Mungu, na neema haina kiingilio. Jibu hilo ni tamu, walakini halitoshi, kwani lasahau kwamba jicho halifiki penye uzuri kwa mbawa. Hufika kwa njia, na njia ni kazi ya mikono ya watu. Yamkini hapana mahali panapoliweka wazi jambo hili kuliko North Vancouver, katika jimbo la British Columbia, magharibi ya Kanada. Huko yako makorongo mawili jirani, kila moja na mto wake, msitu wake na daraja lake la kuning'inia. Kwenye moja mtu hutoa makumi ya dola kabla hajaliona daraja. Kwenye la pili hupita bure.

La kulipia ni la Capilano. Lilianzishwa mwaka 1889 na George Grant Mackay, mhandisi mzaliwa wa Uskochi, aliyenunua ardhi kubwa kando ya mto huo na kujijengea nyumba ukingoni mwa korongo. Daraja la kwanza lilikuwa la kamba za katani na mbao za mwerezi. Mwaka 1903 kamba zikaachiwa nafasi nyaya za chuma, na mwaka 1956 likajengwa upya lote. Urefu wake ni kama mita 140, na mto wapita mita 70 chini ya nyayo za mpitaji. Yasimuliwa kwamba kamba za mwanzo zilivushwa mtoni kwa farasi walioogelea, na miongoni mwa waliosaidia alikuwa August Jack Khahtsahlano wa taifa la Squamish, wakati huo kijana mdogo. Yasimuliwa pia kwamba watu wa taifa lake waliliita daraja linalocheka, kwa sauti liliyoitoa upepo ulipovuma korongoni.

Daraja la pili ni la Lynn Canyon, lililofunguliwa mwaka 1912 pamoja na bustani ambayo siku hizo ilikuwa eka chache tu na sasa ni kiasi cha hekta 250. Ni fupi kuliko mwenzake na halikwenda juu kama yeye: mita 50 hivi kutoka mtoni. Njia za miguu zashuka kutoka hapo hadi kwenye maporomoko na kwenye vidimbwi vya maji ya kijani, baridi kama barafu hata wakati wa kiangazi, na mikangaga imejaa kila palipo na unyevu. Wapitao hapo leo aghalabu hawajui kwamba daraja hili nalo lilianza kwa kiingilio. Lilikuwa biashara ya mtu binafsi. Kila avukaye alitozwa senti 10, baadaye senti 5. Kisha likachakaa, likawa linatisha, likafungwa. Serikali ya wilaya ndiyo iliyokuja kulitengeneza na kulifungua tena, safari hii bila malipo.

Habari hii fupi yawasuta watu wa pande zote mbili. Anayesema kwamba kitu hutunzwa pale tu kinapouzwa na aeleze kwa nini daraja lililouzwa ndilo lililooza. Na anayesema kwamba uzuri ni wa bure kwa maumbile yake na aeleze mbao mpya zilitoka wapi. Kilicholiokoa daraja ni watu wa mji kukubali kuubeba mzigo wake kwa kodi zao, wavuke au wasivuke, na mgeni atokaye mbali aukute mzigo umekwisha bebwa.

Watu wa pwani wana neno la jambo kama hilo: wakfu. Kisima cha wakfu hakimuulizi mchotaji jina wala kabila. Lakini wakfu si kitu cha ovyo kisicho na mwenyewe. Una msimamizi, una masharti, na asili yake haiuzwi. Kinachotolewa ni manufaa. Bure ya kisima cha wakfu si bure ya kitu kilichookotwa jalalani. Hata huko Lynn Canyon, katika miaka ya karibuni, ajaye na gari hulipia maegesho. Ajaye kwa miguu au kwa basi hadaiwi kitu. Si vibaya: aliyeleta mzigo wa chuma na alipie pa kuuweka.

Tofauti kubwa ya madaraja haya mawili, basi, haimo mfukoni. Imo katika hali anayoingia nayo mtu. Aliyekata tikiti ni mnunuzi. Ana haki: ukungu ukilificha korongo, hunung'unika kama aliyepunjwa, akitoka, hesabu yake imefungwa. Aliyepita bure ni mgeni, na mgeni hana haki ya kunung'unika. Ana deni, na hajui amlipe nani. Kutoza si dhuluma. Seremala ana watoto, na nyaya hukaguliwa na watu wanaolipwa mishahara. Aibu ya tikiti ni moja tu, kwamba humfanya mtu adhani amelipa kila kitu, hali alichokilipia ni mbao na nyaya. Mto hakuulipia, wala msitu, wala wale waliovijua kabla ya wote.

Na msitu wenyewe una la kusema. Miti iliyopo Lynn Canyon, misonobari ya Douglas na mierezi na mingineyo, ni mirefu kiasi cha kumshtua mtu aliyezoea mikoko na minazi. Lakini mingi ni miti ya uzao wa pili. Ile ya kwanza ilikatwa na wapasua mbao mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Visiki vyake vingali vimesimama, vipana kama chumba, na ubavuni mwa vingine mna vitundu walivyochonga wakataji ili wachomeke vipande vya mbao wapate pa kusimama, wakate juu ya shina linapoanza kupungua unene. Juu ya visiki hivyo imeota miti mingine, mizizi yake imeshuka kukizunguka kisiki kama vidole.

Jina nalo lina yake. Lynn ni John Linn, mwanajeshi wa kikosi cha wahandisi wa Kiingereza aliyekwenda kukaa huko. Jina lake likaandikwa vibaya, na kosa ndilo lililobaki kwenye ramani. Wakati huo huo mataifa ya Squamish na Tsleil-Waututh yalikuwa na majina yao ya mito na milima ile, na sehemu kubwa ya ardhi ya British Columbia haikukabidhiwa na wenyeji wake kwa mkataba wowote. Hapa ndipo mfano wa wakfu unapovunjika. Sharti la kwanza la wakfu ni kwamba aliyeutoa awe alikimiliki alichokitoa. Kijiji hakiwezi kufanya sadaka kisima cha jirani, hata kikawanywesha watu wote wa dunia. Ukarimu wa wilaya ile ni wa kweli, na wanaoufaidi hawana sababu ya kuubeza. Lakini ni ukarimu uliojengwa juu ya deni jingine, na anayevuka bure huvuka juu ya yote mawili. Yule kijana wa Squamish aliyesaidia kuzivusha kamba za Capilano alimsaidia mtu kuingia katika nchi ambayo watu wake hawakuwa wameiuza.

Wako wasemao kwamba bure huleta utovu wa adabu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Penye urembo ndipo penye urimbo: katika korongo la Lynn wamekwisha kufa watu kadhaa, aghalabu vijana, waliojirusha kutoka majabalini au kuchukuliwa na maji, na mabango ya onyo yapo. Je, kiingilio kingewazuia? Huenda kingewazuia wale wasio na pesa, ambao si lazima wawe ndio wasio na akili.

Njia iitwayo Baden-Powell, ya zaidi ya kilomita 40, hupita katika msitu huo huo. Ilifunguliwa na maskauti mwaka 1971, nayo yalichukua jina la mtu aliyezikwa Nyeri, nchini Kenya. Basi hata mpita njia wa Afrika Mashariki ana uzi mwembamba wa kumfunga na mahali pale. Akifika darajani atakuta ni jembamba. Hatua ya mmoja hutikisa wote. Anayesita katikati huwasimamisha wa nyuma yake, na mwenye haraka huwayumbisha wa mbele. Wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu, akaushika waya, akamngoja mwenzake apite.