Sumukuvu na Wajibu wa Kupima

Sumukuvu ni sumu zinazotengenezwa na kuvu waotao katika mahindi, karanga na vyakula vingine vilivyokosa kukauka vizuri au vilivyohifadhiwa penye joto na unyevu. Inayoogopwa zaidi ni aflatoksini. Nafaka iliyoingiwa nayo inaweza kuonekana safi kabisa, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, na 20 kati yao wakafa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa wenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Madhara ya namna hii yanazua swali la dini na maadili. Je, mtu anawajibika kwa dhara asiloliona? Na kikipatikana chombo cha kulionesha, hukumu yake inabaki ile ile?

Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mkabala na bandari ya Mkoani, kusini-magharibi mwa Pemba, swali hilo linamgusa kila mla ugali. Zanzibar haijitoshelezi kwa chakula. Mchele na unga huja kwa bahari kutoka Tanzania Bara na nchi za nje, na gunia la kwenda Makoongwe huteremshwa na kupakiwa tena kabla ya kufika. Kila safari na kila ghala ni nafasi ya kuingia unyevu. Mpishi anayefungua gunia hilo hajui mahindi yalianikwa wapi, wala unga ulilala ghalani kwa muda gani.

Chombo cha kuionesha sumu hii kipo. Nafaka husagwa, huchanganywa na kimiminika cha kuitoa sumu, kisha majimaji yake hudondoshwa kwenye utepe wenye kingamwili zinazoinasa aflatoksini. Baada ya dakika chache mistari hujitokeza. Kadiri sumu inavyokuwa nyingi, ndivyo mstari wa kipimo unavyofifia, na kifaa kidogo cha kusomea hutoa kiasi chake. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini Tanzania ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, sawa na miligramu 10 katika tani nzima. Jicho haliwezi kuugundua uchache huo.

Kosa kubwa la upimaji hata hivyo huanzia kwenye kuchukua sampuli. Sumu haitapakai sawasawa. Konzi moja ya punje inaweza kuwa imeibeba karibu yote iliyomo guniani. Kwa hiyo mpimaji huchota juu, katikati na chini, katika magunia mengi, akachanganya kabla ya kupima. Hapa elimu ya maabara inakutana na tukio lililopokewa na Abu Huraira, lililomo katika Sahihi Muslim. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji alieleza kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume alimuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakaona, akamkana anayeghushi. Muuzaji hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuuficha unyevu chini ya chakula kikavu.

Fikihi inaweka mipaka pande zote mbili. Asili ya chakula ni uhalali, na yakini haiondolewi na shaka. Kwa hiyo mama wa Makoongwe hatakiwi kumhoji muuza duka juu ya kila kibaba. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1111, alijadili katika *Ihya Ulum al-Din* wakati wa kuuliza na wakati ambapo kuuliza kunageuka wasiwasi. Lakini panapokuwa na dalili, kama gunia lililoloa au shehena iliyotoka penye maradhi, kunyamaza si uchamungu. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana haimwachi ajuaye njia ya kujua akae kimya.

Wajibu huo hauwaangukii wote kwa uzito mmoja. Kaya ina wajibu wake: kuanika juu ya turubai, kuchambua punje zilizovunda, kuhifadhi pakavu. Kupima ni kazi ya mwenye uwezo na mamlaka, yaani mwingizaji wa shehena, mwenye ghala na taasisi za serikali zinazosimamia ubora na usalama wa chakula. Ni sawa kabisa kuuhesabu upimaji katika fardhi za kifaya: wakisimama wachache wenye ujuzi, jamii nzima imesalimika; wakiacha wote, dhambi ni ya wote, na mwenye uwezo ndiye wa kwanza kuulizwa. Kisiwa kidogo kilicho mwisho wa njia hakipaswi kuachiwa mzigo ambao bandari ingeweza kuutua.

Jibu la kipimo nalo lina hukumu zake. Kuchanganya shehena mbovu na nzima ili kiwango kishuke ni kughushi, hata kama namba itatoka nzuri. Mnunuzi aliyeuziwa mali yenye kasoro iliyofichika ana haki ya kuirudisha na kudai fedha zake. Kukiharibu chakula chenye sumu si israfu, kwa kuwa israfu ni kupoteza chenye manufaa. Dharura huhalalisha kula cha kuokoa roho pale pasipo kingine, lakini haimhalalishii mfanyabiashara kumuuzia maskini alichokataliwa na tajiri. Maskini akikosa chakula salama, anayewajibika kumpatia badala yake ni jamii iliyomwondolea kile kibovu.