Talanta Ilifukiwa na Nani?

Mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, huhubiriwa Lodwar, katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, kama kwingineko: mtumwa aliyepewa moja akaifukia ardhini anatupwa gizani, na waumini wanaaswa wasimwige. Kuna sentensi moja ambayo wahubiri huipita haraka. Bwana anamwambia kwamba angalau angewapelekea fedha hiyo watu wanaoizalisha. Lawama yake, basi, ina sharti: watu hao wawepo.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, katika kaunti hiyo hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1992, ndiyo inayolipa sharti hilo uzito. Rose Nathike Lokonyen, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikulia hapo. Mwalimu wake alipomshauri ajaribu mbio za kilomita 10, hakuwa amefanya mazoezi yoyote. Akawa wa pili. Mungu alikwisha kutoa. Aliyekosekana ni wa kumwonyesha namna ya kugawa pumzi, kuweka mguu, na kupumzika ili mwili ujijenge. Hayo aliyapata baada ya Tegla Loroupe, mshindi wa New York Marathon mwaka 1994 na 1995, kuchuja wakimbiaji kambini. Rose na wenzake wanne wakaenda Ngong, karibu na Nairobi, kuanza na alifu.

Kwenye Olimpiki ya Rio 2016, walikokimbia katika timu ya wakimbizi, hakuna hata mmoja wao aliyevuka mzunguko wa kwanza. Je, kazi ilipotea? Huko Rio Rose alimaliza mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 16.64, na kwenye Olimpiki ya Tokyo akatumia 2:11.87. Sekunde hizo hazikushuka kama mana.

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mwadilifu kwa kutenda haki. Ni kweli, ila mjenzi huyo alipewa mawe na fundi wa kumsahihisha.

Katika tenisi, hitaji hilo la fundi linabana zaidi kuliko katika mbio. Kukimbia, mtoto hujifunza akienda kisimani. Kushika raketi hakuna anayezaliwa anakujua. Angella Okutoyi, aliyetwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, alilelewa na bibi yake, bila utajiri, lakini Nairobi, penye viwanja na makocha. Mtoto wa Turkana mwenye mkono kama wake anaweza kuzeeka bila kuugusa mpira wa tenisi, na kumwita mvivu ni dhulma.

Misingi haihitaji uwanja wa Wimbledon: ukuta, mstari uliochorwa chini, mipira iliyochakaa, na mtu mzima anayerudi kila wiki. Parokia na shule za Lodwar zina kuta. Zimkaribishe kocha Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali.