Nani Aliridhia?

Iko karatasi moja niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe ambayo mpaka leo inaninyima raha. Ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko upande wa Kalenga, si mbali na mto Ruaha Mdogo, na wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya chuo, sina kazi, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka nikaombwa nimsaidie mtendaji kuandika. Agenda kubwa ilikuwa mchango wa bomba la maji. Kila kaya itoe shilingi elfu kumi na tano. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka neno. Ndipo akasimama bibi mmoja, khanga kichwani, mikono ina udongo wa kinyunguni bado, akasema:

"Mwenye ng'ombe ishirini na mimi mwenye kuku watatu tunatoa sawa? Mimi sikubali. Niandike."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Bibi, tumekusikia." Nami kalamu ilikuwa mkononi. Mtendaji akaniinamia sikioni: "Dogo, andika kauli moja. Huko wilayani hawataki mambo mengi." Nikaandika: *Wanakijiji wote waliridhia kwa kauli moja.* Mhuri ukagongwa. Basi.

Ndugu msomaji, utasema hili ni jambo dogo. Hata mimi nilijiambia hivyo njiani nikirudi nyumbani. Lakini nilikuwa kijana wa vitabu, na kule chuoni tulikesha tukibishana jinsi ya kujenga upya siasa ya usawa kutoka chini: mwenye nacho atoe zaidi, asiye nacho asiachwe, na wote waamue. Halafu siku ya kwanza niliyoikuta siasa hiyo imesimama mbele yangu, imevaa khanga, nikaiandika kuwa haikuwepo. Maana alichokisema yule bibi ndicho kile kile tulichokuwa tunakikesheshea. Kodi ya kichwa ya wakoloni ilikuwa na kasoro hiyo hiyo, ya kumpima tajiri na maskini kwa kibaba kimoja, na kodi ya maendeleo tuliyoirithi baada yake haikufutwa mpaka mwaka 2003.

Swali langu ni hili: je, tunaweza kujenga undugu kwa muhtasari wa uongo, ilimradi bomba lenyewe litoe maji?

Wako waliojaribu njia nyingine, tena kusini huku huku. Mwaka 1960 vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini Litowa, Songea, wakaanza kulima pamoja. Hawakuwa na bwana shamba wa kuwasukuma wala gari la mkuu wa wilaya. Walikaa vikao, wakachaguana, wakagawana kazi na mavuno kwa makubaliano yao, wakafungua na shule iliyofundisha watoto maisha ya pale pale kijijini. Vijiji vingine vikaja kutazama. Vilivyopenda vikajiunga, na ndivyo ilivyokua Ruvuma Development Association, yaani chama cha maendeleo cha vijiji vyenyewe. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967, Litowa ilikuwa tayari ina miaka yake kadhaa.

Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho. Mali yake ikachukuliwa. Haikuwa kwa sababu walishindwa kulima. Mimi naamini kosa lao kubwa lilikuwa kwamba wakubwa wa mkoa walipokuja na maagizo, watu wa Litowa walikuwa wameshazoea kuuliza, "Kikao gani kimeamua hivyo?" Mtu akishazoea kuuliza hivyo, huwezi tena kumwandikia kauli moja.

Kilichofuata tunakijua zaidi sisi wa Iringa. Krismasi ya mwaka 1971, kule Isimani, mkuu wa mkoa Dkt. Wilbert Kleruu alimfuata mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake juu ya habari za kilimo cha ujamaa. Mkuu wa mkoa aliuawa pale. Mwamwindi akanyongwa kwa hukumu ya mahakama. Simtetei muuaji, la hasha. Nasema tu kwamba kati ya Litowa na Isimani kulikuwa na miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili neno moja, ujamaa, lilihama kutoka kwenye midomo ya wanaolima likaenda kwenye midomo ya wanaoamuru. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri.

Hapa rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, hunikatiza. "Wewe unalia na vikao. Bila amri shule zingejengwa lini?" Na kweli ananibana. Mama yangu alianza darasa la kwanza mwaka 1977, mwaka ule elimu ya msingi kwa wote ilipotimizwa kufuatana na Azimio la Musoma. Shule ilikuwa karibu kwa sababu watu walikuwa wamekusanywa. Kama babu yangu angeachwa porini kwa hiari yake, mama asingejua kusoma, na mimi nisingekuwa nashika kalamu hii ninayojilaumu nayo. Siwezi kujifanya sikula matunda ya amri ile.

Lakini nimefikiri sana, na jibu langu kwa rafiki yangu ni hili. Amri inaweza kujenga darasa. Haiwezi kumjenga mtu atakayeuliza miaka ishirini baadaye kwa nini darasa limeezuliwa na upepo na fedha za bati ziko wapi. Tazama vyama vya ushirika: mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya mikoa kwa mpigo, na mwaka 1982 ikaamua virudi. Vikarudi, lakini wanachama walikuwa wameshajifunza kuwa ushirika ni kitu kinachotolewa na kunyang'anywa na mwingine. Waswidi, ambao siasa yao ya usawa tunaisifu sana, hawakuanza na serikali. Chama chao cha wafanyakazi kilianzishwa mwaka 1889, na kikashika nchi kwa uimara mwaka 1932. Katikati hapo watu wa kawaida walikuwa kwenye vyama vya kuacha pombe, maduka ya ushirika na madarasa ya jioni, wakijifunza mambo yasiyovutia hata kidogo: kuongoza kikao, kutunza sanduku la fedha, kuandika muhtasari.

Sisi, nadhani, tumezoea kusubiri kichwa. Pale Kalenga kwenye makumbusho liko fuvu la Mtwa Mkwawa. Alikufa mwaka 1898, fuvu likarudishwa mwaka 1954, na wageni huja kuliona hata leo. Mimi pia namheshimu. Ila nikiwa pale huwa nafikiri jinsi tunavyongoja kila uchaguzi aje mmoja mwenye kichwa, wakati sheria ya mwaka 1982 imeshaupa mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mtu mzima, mamlaka ya juu kabisa katika kijiji. Mkutano ule ule ambao mimi niliughushi.

Wiki mbili zikapita. Nikaenda kwa bibi.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mjukuu. Uliniandika?"

Nikanyamaza. Akaendelea kupukuchua mahindi yake. Kisha akasema, bila hasira, "Hela nimetoa. Niliuza kuku wawili. Sikusema sitoi, nilisema sikubali. Hayo ni maneno mawili."

Mkutano uliofuata, tulipofika kwenye kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, nikasimama. Magoti yananicheza, nakiri. Nikasema pale palipoandikwa "kauli moja" si kweli, nami ndiye niliyepaandika, naomba pasahihishwe. Mtendaji hakuniangalia. Mwenyekiti akasema muda umekwenda, twende kwenye yatokanayo. Mzee mmoja nyuma akasema, "Hapana, mwacheni asahihishe." Wakabishana karibu saa nzima. Mwishowe nikakata mstari ule, nikaandika juu yake kwamba mmoja alipinga, na sababu yake. Mtendaji alikuja na mwandishi mwingine kikao cha tatu.

Bibi mwenyewe hakuwepo siku ile ya kusahihisha. Alikuwa kinyunguni, anamwagilia.