Jicho la Angani na Utu wa Mkulima

Tarehe 23 Julai 1972, Marekani ilirusha angani setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1, chombo kilichotengenezwa mahsusi kuipiga picha nchi kavu ya dunia. Mwaka 1975 kilianzishwa Nairobi kituo cha pamoja cha nchi kadhaa za Afrika kwa ajili ya upimaji na ramani. Na tangu mwaka 2008 picha za Landsat hutolewa bure. Leo hakuna kijiji kilicho mbali hata kisionekane. Basi swali linalotukabili si kama twaweza kumwona mkulima kutoka juu. Swali ni hili: je, kumwona ndiko kumjua?

Manufaa ya elimu hii hayana shaka. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi aina ya nuru ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona. Jani lililodhoofishwa na ukame huirudisha kwa uchache. Chombo cha angani hupima tofauti hiyo, na wataalamu huweza kuitambua dalili ya njaa kabla ghala halijawa tupu. Onyo likifika mapema na likasikilizwa, mkulima hupata msaada kabla hajamwuza mbuzi wake wa mwisho. Kuidharau elimu hii kwa sababu tu ni ngeni si kumtendea mema maskini.

Lakini picha huonyesha umbo, haionyeshi maana. Shamba lililopumzishwa ili udongo urudishe rutuba huonekana kama pori. Malisho ambayo wafugaji wameyahifadhi kwa ajili ya kiangazi huonekana kama nchi isiyo na mwenyewe. Wala kosa hilo si dogo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, katika kueleza maana ya ardhi ya jumla, inaitia humo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Basi aliye ofisini akiandika juu ya ramani neno "haitumiki", neno hilo moja laweza kufungua njia ya kumpokonya mtu urithi wa watoto wake. Hivyo ramani iliyokusudiwa kuuondoa umaskini itakuwa imeuzaa.

Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo picha hiyo haina budi kushuka chini, itandazwe mbele ya mkutano wa kijiji. Wanawake wachotao maji waonyeshe kisima kinachokauka kwanza. Wafugaji wataje mapito ya mifugo. Wazee waseme ni konde lipi limepumzishwa, na ni la nani. Mtaalamu naye aeleze yale ambayo wenyeji hawawezi kuyaona wakiwa ardhini. Hapo elimu mbili hukutana, na hakuna iliyo mtumwa wa mwenzake.

Mwanafunzi asomaye leo jiografia huenda kesho akawa mpimaji au mpangaji wa maendeleo. Na akumbuke kwamba katika desturi zetu mtu haingii nyumbani mwa mwenzake bila kupiga hodi. Jicho la angani halipigi hodi. Wajibu huo basi umewaangukia wale wanaoisoma picha: waende kijijini, wabishe, na wangoje kukaribishwa.