Dadu Ikishaanguka

Tuanze na swali, msomaji. Mtu anayeongoza mchezo amerusha dadu mahali ambapo anaiona yeye peke yake, na dadu imeleta jibu linaloharibu jioni nzima. Ana haki ya kutudanganya?

Kwa ambao hawajawahi kucheza: kuna michezo ya mezani ambayo mtu mmoja husimulia, na wengine kila mmoja anabeba mhusika wake na kusema anafanya nini. "Naruka ukuta." Ameruka au ameanguka? Hapo dadu ndiyo inaamua. Uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974. Dadu yake maarufu ina pande 20, na msimulizi huweza kurusha zake nyuma ya kikingio ili wachezaji wasione. Tena mwongozo wa wasimulizi alioandika Gygax mwaka 1979 unampa msimulizi haki ya kuipuuza dadu akiona inafaa. Kwa hiyo wanaosema kubadilisha ni ruksa hawajaokota hoja yao barabarani.

Hapa Tunduma tulikuwa watano, tukikutana Jumapili jioni. Dadu ya pande 20 hatukuipata dukani, tukatumia mbili za ludo. Moja-moja, yaani zote mbili kuonyesha moja, ndiyo ilikuwa balaa, na huja mara moja katika 36. Siku hiyo mhusika wa mwenzetu mmoja, wakala wa forodha, alikuwa anavuka mto uliofurika na mtoto mgongoni. Alikuwa naye mhusika huyo miezi minne. Mtambaji wetu, mwalimu wa sekondari kutoka Vwawa, akarusha nyuma ya daftari, akatulia kidogo, akasema, "Umevuka." Tukashangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Wiki kadhaa baadaye, kwenye mishikaki, mwalimu akatuambia zilikuwa moja-moja. Alitegemea tucheke, na tulicheka, isipokuwa mwenye mhusika. "Sasa yale mengine yote," akauliza, "nilishinda mimi au ulinishindia wewe?"

Mwalimu alijitetea vizuri. Mtambaji, alisema, kazi yake ni hadithi. Bibi akisema Paukwa, nasi tukaitikia Pakawa, kwani kuna aliyemdai ushahidi kwamba sungura kweli aliponyoka? Akamtaja Lufufu, yule mkalimani wa filamu wa vibanda umiza, aliyetutafsiria sinema za nje huku akitia chumvi yake. Watu walimpenda kwa chumvi hiyohiyo.

Mifano ni mizuri, ila nadhani inamgeuka. Bibi hakuwahi kusema sungura anaamuliwa na dadu. Aliyeingia kibandani alijua anaenda kumsikiliza Lufufu. Mwandishi wa riwaya naye yuko hivyohivyo. Euphrase Kezilahabi alimfikisha Rosa kwenye kujiua katika Rosa Mistika, mwaka 1971, na Kazimoto vivyo hivyo katika Kichwamaji, mwaka 1974. Ukitaka, mlaumu Kezilahabi kwa ukatili. Huwezi kumlaumu kwa udanganyifu, maana alichokuahidi ni hadithi yake, na ndicho alichokupa.

Anayerusha dadu ameahidi kitu kingine. Amesema: hapa sitaamua mimi. Ahadi ni deni. Kama hakutaka mhusika afe mtoni, alikuwa na njia nyeupe: asirushe, aseme tu "umevuka", hadithi iendelee. Au dadu zikishaanguka vibaya, aziweke mezani: "Jamani, moja-moja. Mimi sitaki afe, mnasemaje?" Pengine tungekubaliana apone ila mzigo wote uende na maji. Huruma ingekuwepo palepale, na kila mtu angejua imetoka wapi.

Kuna hoja moja ngumu kidogo. Furaha yetu ya usiku ule ilikuwa ya kweli, na mwalimu asingesema tusingejua. Nani aliumia? Jibu langu ni kwamba tulishangilia kwa sababu tuliamini angeweza kuzama. Ujasiri wa kuingia mtoni ulikuwa na maana kwa hatari hiyo tu. Na huruma ya gizani ina tatizo la pili: lazima ichague wa kumwonea. Mbona mhusika wangu alipokatwa mkono dadu ziliheshimiwa?

Mji huu unaishi kwa foleni, ya malori yanayovuka kwenda Nakonde na kuendelea Zambia na Kongo. Dereva huivumilia foleni ndefu. Atapika ugali chini ya trela, atacheza drafti, atalala. Kinachomtoa povu ni gari moja kupitishwa na hakuna anayesema kwa nini. Hata kama sababu ilikuwa njema, ikifichwa inafanana na upendeleo, na aliyebaki nyuma hana namna ya kutofautisha.

Mwalimu bado anasema kwa watoto angebadilisha. Hata hapo sikubaliani naye. Kwenye ludo, kukosa sita mara kumi mfululizo humpata karibu mtu mmoja kati ya sita, na mtoto likimpata hulia. Nyumbani kwetu tunamtolea kete moja nje tangu mwanzo, mbele ya wote. Akishinda anajua alisaidiwa wapi, na kilichobaki ni chake.

Siku hizi tunarusha katikati ya meza. Mhusika wa yule wakala alikufa Machi, kwenye daraja, kwa moja-moja ambazo wote tuliziona. Alikasirika, akaondoka bila kumaliza chai. Jumapili iliyofuata alikuja wa kwanza, na mhusika mpya ameshamwandika kwenye karatasi.